Gari Lililokataa Misa

Nikipita na gari langu kuukuu pale Majengo wanapooshea magari, harufu ya sabuni ya unga na petroli hunirudisha uani kwetu, Jumapili asubuhi, ukungu bado umelalia mahindi. Tulikuwa tumeshapanda nyuma ya pikapu na nguo zetu za kanisani. Baba alizungusha ufunguo, injini ikakohoa tu.

"Hili gari lina shetani!" alifoka. "Kesho fundi akija litawaka. Linakataa misa tu!"

Mama alicheka mpaka akaegemea mlango. "Shetani gani, baba? Kila Jumamosi jioni unaliogesha, maji unamwaga mpaka ndani ya boneti."

Akafungua boneti. Waya za plagi zilikuwa zimelowa chapachapa. Akazifuta moja moja kwa upindo wa kitenge chake kipya, na gari likawaka.

Tangu siku ile tulikwenda misa na gari la vumbi, na baba akahamishia bidii yake yote kwenye viatu vyetu.

"Shikamoo mzee," mwoshaji ananiita. "Hilo vumbi tulitoe?"

"Marahaba. Liache tu," namjibu. "Kesho nina misa."