Mpunga na Chumvi ya Jangwani

Mwaka ule wa njaa, serikali iliposema kila mtu ashike jembe, sisi wanawake wa mtaa wetu wa Kariakoo tuligawiwa vipande vya ardhi bondeni Jangwani. Aliyetugawia ni balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole ambaye siku hiyo alikuwa mkali. Asiye na kazi wala shamba, alisema, atapakiwa kwenye lori arudishwe kijijini kwao. Alisema hivyo akinitazama mimi. Nilikuwa nimeachika, nimepanga chumba kimoja, na kazi ya kuajiriwa sikuwa nayo.

Kwetu ni Rufiji, lakini kijiji nilichozaliwa hakikuwapo tena. Watu walikwisha kuhamishwa kutoka ukingoni mwa mto, wakapelekwa huko juu kwenye mchanga. Sasa nirudi wapi? Niliapa kwamba siondoki mjini.

Bwana shamba, kijana aliyeletwa kutuelekeza, alisema tupande mahindi. Baadhi walitii. Sisi wengine tulifanya ujinga wetu wenyewe: kila mmoja alipanda mazao ya kwao. Jirani yangu wa Kilimanjaro, mke wa mwenye duka, alitafuta machipukizi ya migomba. Mwenzetu wa Newala akachomeka muhogo. Mimi nikawacheka wote wawili. Mrufiji umwonyeshe bonde lenye maji, halafu umfundishe kulima? Nikamwaga mpunga wangu.

Ukaota vizuri, ukanitia kiburi. Kisha yakaja maji ya bamvua, bahari ikapanda na mkondo wa mto hadi shambani kwangu. Ncha za majani zikaanza kukauka, na haikuchukua muda shamba zima likawa na rangi ya majani makavu. Nilichota udongo nikauonja. Chumvi tupu. Kwetu maji hutoka juu ya mto tu, na huja na rutuba yake. Hapa yalitoka pande mbili, na mimi nilikuwa nimeangalia upande mmoja. Nililia kwa hasira.

Wa Kilimanjaro akaja kunitazama. Migomba yake ilikuwa imegeuka njano kwa kusimama majini, na muhogo wa yule wa Newala ulishaoza.

"Pole, bingwa wa mabonde," akaniambia.

"Nawe pole, mtu wa mlimani. Ulidhani ubaridi wa kwenu utakufuata huku?"

Tulicheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Yeye alikuwa na mume na duka. Ukaguzi wa mashamba ukifika, lori lingenitafuta mimi.

Basi tukaacha kung'ang'ania tulichokitaka, tukaangalia kilichoota chenyewe. Kando ya njia, palipotupwa takataka za soko, mchicha ulikuwa umejiotea hadi magotini. Tukaanza kubeba mabaki kutoka Kariakoo, majani ya kabichi na maganda ya ndizi, tukayafukia kwenye matuta tuliyoyainua juu ya maji ya chumvi. Watu walipita wakiziba pua. Mwezi haukuisha, tukawa tunachuma na kuuza.

Siku ya ukaguzi wakaja wawili, balozi na bwana shamba.

"Ndugu, mahindi yako yako wapi?" akauliza bwana shamba.

"Sikupanda mahindi."

"Hii ni mboga. Tumeagizwa kukagua mahindi."

Nikamwonyesha kipande kilichopakana na changu. Mahindi yalikuwepo, yamenyooka mistari, membamba, hayana hata gunzi moja. "Yale mmeyakagua?"

"Yale yapo," akajibu.

Mwenye mahindi yasiyozaa alikuwa salama. Mimi niliyelisha nusu ya mtaa nikaambiwa nifike kesho kwa balozi na mzigo wangu. Sijawahi kukasirika vile.

Kesho yake nilifika, ila sikwenda na mzigo. Nilikwenda na kikapu cha mchicha niliouchuma alfajiri, miguu ina matope. Lori lilikuwa limewashwa, watu wamekaa juu na mabegi yao. Nilimwamkia balozi, "Shikamoo, mzee," akaitikia bila kunitazama, akanionyesha lori kwa kidole.

"Siendi," nikasema. "Mpunga wangu uliliwa na chumvi mkiwa hampo. Nikaanza upya. Sasa najua bonde hili linataka nini na linakataa nini. Huko mnakotaka kunipeleka sikujui, nitaanza tena na ujinga, na njaa hii ni ya sasa."

"Mwanangu, usinitie matatani," akasema balozi.

"Hayo ni matata yako, mzee. Mimi nina matuta yangu."

Dereva akapiga honi. Balozi akanitazama, kisha akatazama kikapu. Lori likaondoka, mimi nimesimama palepale. Hakuna aliyeniambia baki. Nilijitwisha kikapu nikaenda sokoni, maana jua lilikwisha kupanda na mchicha hunyauka haraka.