Mtani wa Baba

Juzi nilikuwa nakatisha Mnazi Mmoja kwenda kutafuta vitambaa vya mapazia, nikasikia mzee mmoja akitukanwa. Sauti ilikuwa kavu na kubwa, ya mtu aliyezoea kusemeshana na watu wa ng'ambo ya barabara, na ilikuwa ikimwambia mzee mwenzake kwamba ana kichwa kama kitunguu kilichosahauliwa ghalani. Aliyetukanwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kijana mmoja alikuwa ameshatoa simu, anarekodi, anamwambia mwenzake, "Oya, wazee wanazinguana." Nami nikasimama pale na mkoba wangu, mtu mzima, mama wa watoto, machozi yananitoka kwa sababu ya kitunguu.

Basi ngoja niwasimulie, maana nyumbani kwangu habari hii wameshaichoka.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapo Kariakoo, kibarazani mbele ya duka la vitambaa, mtaa wa nyuma ya soko. Alikuwa Mngoni wa Songea. Nyumbani, katika vyumba vyetu viwili kwenye nyumba ya wapangaji wengi, alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Aliingia jioni ananukia mafuta ya cherehani, akauliza kama tumekula, akafungua redio. Mama akimsimulia jambo, yeye aliitikia kwa pua. Mama alitoka Marangu na alipenda mazungumzo, na alikuwa akiwaambia wapangaji wenzake kwamba yeye ameolewa na kabati.

Lakini mimi niliyepita kibarazani kila nikitoka shule nilijua kwamba kabati lile lilikuwa na mdomo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na Mzee Kikoti, Mhehe wa Iringa, muuza ndoo na mabeseni ya plastiki. Wahehe na Wangoni ni watani tangu enzi za vita vyao, na wazee hawa wawili hawakuacha siku ipite bila kukumbushana nani anakula panya na nani anakula mbwa. Asubuhi Mzee Kikoti alipanga ndoo zake, akajishika kiuno, akaanza: "We Mngoni! Panya wa mji mzima wameandamana, wanasema umewamalizia ndugu zao!" Baba naye, bila kuinua macho kwenye cherehani, alijibu kwamba mbwa wa Kariakoo wamekuja kwake kushonewa makoti ili Mhehe akipita asiwatambue. Wachuuzi walicheka, wateja walicheka, na baba alicheka kuliko wote, mabega yakiruka. Nilikuwa nakaa pembeni nikimtazama, nikijiuliza kwa nini baba huyu haji nyumbani.

Hawakuitana majina. Mmoja alikuwa Mngoni, mwingine Mhehe, basi. Mama mkwe wa Mzee Kikoti alipougua, baba alifunga kazi siku nzima akazunguka na Mhehe wake hospitali, na njia nzima, kwa jinsi Mzee Kikoti alivyosimulia, baba alikuwa akimtukana yeye.

Nilikuwa darasa la nne mdogo wangu Fidelis alipofariki. Tulimwita Fide. Alikuwa na miaka minne, ana maneno mengi kama mama, na alikuwa na kindoo chake chekundu, zawadi ya Mzee Kikoti, alichokigeuza kikawa kiti. Kila asubuhi alikaa juu yake, akakunja nne, akadai, "Chai ya bosi iko wapi?" Homa ilimkamata Ijumaa, na Jumapili hakuwapo tena. Baba alirudi kutoka hospitali akakaa kwenye benchi nje, chini ya turubai tulilofungiwa na majirani. Hakulia. Watu walikuja kumpa pole, akawapa mkono kama anayempa mtu kitu asichokihitaji. Nilimsikia shangazi akinong'ona kwamba afadhali angelia, kwamba mtu akikaa hivyo anavunjika ndani.

Siku ya mazishi, jeneza dogo likiwa mezani na watu wakisubiri muda wa kuondoka, Mzee Kikoti alitokea na jembe begani na matope mpaka magotini. Alikuwa makaburini tangu alfajiri, amechimba kaburi la Fide yeye na vijana wake. Aliegemeza jembe ukutani, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi amevaa kofia ya Fide ya sufu, imekaa juu ya ule upara wake kama kifuniko cha chupa. Mkononi alikuwa na kile kindoo chekundu. Akakigeuza mbele ya jeneza, akakaa, magoti yakamfika kidevuni, akakunja nne.

"Chai ya bosi iko wapi?" akasema, kwa sauti ileile ya Fide, na kigugumizi chake kidogo kwenye herufi ya kwanza. "Mngoni gani wewe, unaniacha nisafiri bila chai?"

Watu wa kusini waliokuwa pale walicheka, kicheko cha chinichini kilichochanganyika na kwikwi. Mimi nilicheka pia. Kisha nikamtazama baba. Mdomo wake ulikuwa unacheza. Mabega yake yakaanza kuruka, yale mabega ya kibarazani, na sauti ikaanza kumtoka kifuani ambayo sikuwahi kuisikia, nusu kicheko na nusu kilio, na machozi ya kwanza yakaangukia kwenye suruali yake.

Ndipo mama akatoka ndani. Alichosikia ni vicheko. Alichoona ni mwanamume mzima amevaa kofia ya mwanawe. Huko kwao Marangu msibani watu waliimba tenzi na kuinamisha vichwa, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba watani wa mumewe wana kazi yao ya kuwachekesha wafiwa siku kama ile. Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile.

"Vua kofia ya mwanangu," alisema. Hakupiga kelele. "Vua, na utoke kwangu. Mtoto wangu si kichekesho."

Mzee Kikoti alimgeukia baba, akamngoja. Neno moja tu la baba lingetosha, kwamba huyu ni mtani wangu, mwacheni. Lakini akisema hivyo angemuumiza mama mbele ya jeneza la mwanawe, na akimfukuza angemuumiza Mhehe wake. Baba akafanya lile alilolizoea kufanya nyumbani. Akanyamaza. Machozi yakakatika, uso ukafungika, na Mzee Kikoti akavua kofia, akaikung'uta, akaiweka mkekani kwa mikono miwili. Akachukua jembe lake akaondoka. Tulimkuta makaburini amesimama mbali, na watu walipotawanyika yeye ndiye aliyebaki akisawazisha udongo.

Baba aliporudi kazini, nilipita kibarazani kama kawaida, nikiwa na hamu ya kumwona yule baba yangu mwingine. Mzee Kikoti alikuwa anapanga ndoo. Alimwona baba, akavuka barabara, akampa mkono.

"Habari za asubuhi, Mzee Ngonyani. Poleni sana."

"Tumeshapoa, Mzee Kikoti. Ahsante."

Wakaachana. Nilidhani ni heshima ya msiba, itaisha. Haikuisha. Kila asubuhi ilikuwa Mzee Ngonyani, Mzee Kikoti, habari za nyumbani, njema, mpaka wachuuzi wakaacha kusogea kusikiliza. Mtu wa nje angesema wamepatana sana. Siku moja baba alijaribu. Alikohoa, akaita ng'ambo kwamba leo hajasikia mbwa wakibweka, kulikoni? Sauti ilikuwa nyembamba. Mzee Kikoti aliacha alichokuwa anafanya, akasogea mpaka ukingo wa barabara. "Ndiyo, mzee," akasema kwa adabu. "Kumetulia leo." Baba akaikanyaga cherehani na hakuinua macho mpaka jioni.

Sasa najua walichokuwa wanangojea. Mtani hakasirikiwi, akishakasirikiwa, utani umekufa, na hawezi kuufufua yeye, ni mpaka nyumba iliyomfukuza imwite. Mzee Kikoti alikuwa anangoja kuitwa. Baba naye alikuwa amejawa na aibu, anangoja kutukanwa ili ajue amesamehewa. Na mama, ambaye angeweza kuyamaliza kwa sahani moja ya wali, hakujua kama kuna lolote la kumalizwa. Walikuwa watu wema wote watatu, na ndiyo maana hakuna aliyesema kitu.

Kisha Mzee Kikoti akahamishia biashara yake Buguruni. Baba alizidi kunyamaza. Miaka ikapita mpaka bibi yangu akafariki huko Songea, na mama akawaona watani wakilala mlangoni kuzuia jeneza, wakiigiza alivyotembea bibi, na wanawe bibi wakicheka na kulia mpaka wakapungukiwa na nguvu. Shangazi alimweleza. Mama hakula chakula siku ile. Tuliporudi Dar alimwambia baba amwite yule Mhehe, hata leo, atapika yeye mwenyewe. Baba akasema, "Yameshapita hayo." Kila mama alipomkumbusha, jibu lilikuwa hilohilo.

Baba alipofariki, mimi nikiwa mtu mzima, kitu cha kwanza mama alichoniambia ni niende Buguruni. Nilimkuta Mzee Kikoti amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho yamefifia, mjukuu ndiye anayeuza. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomwambia, akainuka bila kuuliza lingine.

Alisimama mbele ya jeneza la baba kwa muda mrefu. Watu wa kusini walimpisha. Mama alikuja akasimama naye.

"Mtukane, Mzee Kikoti," mama akamwambia. "Nakuomba. Safari hii sitakufukuza."

Mzee akatikisa kichwa. "Nimesahau, Mama Fide," akasema. "Nimekaa muda mrefu nikimheshimu."

Basi mama, Mchaga asiye na haki yoyote ya utani ule, akaliinamia jeneza akaanza yeye. Akamwambia baba kwamba ni Mngoni mvivu, kwamba amewashonea wanawake wote wa Kariakoo na mkewe amemwachia kitenge kimekatwa hakina mikono, na sasa ataenda kanisani mabega wazi kwa ajili yake. Hakujua kutania, maneno yalimtoka kama lawama. Lakini mtu mmoja akacheka, na mwingine, na Mzee Kikoti akamshika mama mkono akaanza kulia kwa sauti, kilio kile baba alichokianza siku ya Fide kikakatizwa.

Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba tulipomfukuza Mhehe, tulimfukuza na yule baba wa kibarazani, yule niliyekuwa natamani aje nyumbani. Ulikuwa umebaki mlango mmoja tu wa kumfikia, na aliyekuwa na ufunguo ni muuza ndoo. Nilicheka na wenzangu, nikalia nao. Maneno aliyoyangoja miaka yote yalikuwa yanasemwa juu ya kichwa chake, na hakuwapo wa kuyajibu.