Tabaka Jeupe Lililosuguliwa kwa Sponji

Hasira yangu na ile sponji haijaisha, na sitaki iishe.

Nilikuwa namalizia tasnifu katika chuo kimoja cha Bujumbura. Nilikuwa na vipande kumi na viwili vya kioo, vidogo kama kucha, vya aina ambayo madaktari huweka palipopungua mfupa. Nilivitia kwenye chupa zenye maji niliyoyachanganya mwenyewe, chumvi zake sawa na za damu, joto lake la mwili wa mtu. Umeme ulipokatika, na ulikatika sana, nilivihamishia kwenye thermos nikaenda navyo nyumbani Kinama.

Kioo hicho hakitulii majini. Hutoa chumvi zake, uso wake ukalegea kama ute, kisha kalsiamu na fosfati hutua juu yake mpaka kinavaa tabaka jeupe, gumu, la jamii ya mfupa. Hapo ndipo mfupa wa kweli hushika. Nilipoliona mara ya kwanza nilipiga kigelegele peke yangu. Bila tabaka hilo sikuwa na shahada.

Asubuhi aliyofika profesa mgeni kukagua kazi yangu na kupiga picha za hadubini, nilimkuta msimamizi wa maabara amekunja mikono ya shati, sponji mkononi. Vipande vyangu vilipangwa kwenye taulo, vinang'aa.

"Mama, nimekusaidia," akasema. "Ile vioo yote ilikuwa na buchafu. Wageni banakuja, tutapata haya."

"Papa, uliuliza nani?"

"Mutu anaulizaka buchafu ruhusa?"

Miaka yote ya tasnifu yangu hakuwahi kuuliza ndani ya zile chupa mna nini. Ila akisikia mgeni, anatafuta ndoo! Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji mimi niliumia, tena nyumbani kwangu.

Profesa aliweka kipande chini ya hadubini, akatazama, akaweka kingine. Aliona mikwaruzo tu.

"Hakuna tabaka," akasema. "Kioo hakikufanya kazi." Akafungua kalamu kuandika hivyo.

Msimamizi alikuwa amesimama kando yangu, mikono safi. Mimi nimelelewa kutomkatiza mgeni. Nilimkatiza.

"Ilifanya kazi, Professeur," nikasema, kidole changu kikimwelekea msimamizi mbele ya watu wote. "Mufupa ilikuwa hapo. Ni huyu aliisugua."