Kondoo Wenye Utosi Mwekundu

Enzi za Mwingereza, mume wangu alipanda lori Makambako kwenda kukata mkonge Tanga, akaniachia mama yake na kondoo wenye mikia minene. Misimu ilipita bila neno lolote kutoka kwake.

Mama mkwe alikuwa mganga na mpika rangi. Gome alilomnywesha kondoo aliyezaa kwa shida ndilo alilonichemshia mimi kifua kiliponibana. Mizizi ya rangi aliichemsha pamoja na milulu, nyasi za kusukia vikapu, na rangi iliyobaki aliwapaka kondoo wetu utosini wasichanganyike na wa jirani.

Alikuwa na sharti moja: chungu cha rangi kikiwa motoni, hakuna kuzungumza wala kuitikia salamu, rangi isije ikafifia. Majirani walijua, wakapita kimya. Mimi sharti hilo lilinichosha. Nyumba nzima watu wawili, na hao nao wafunge midomo!

Asubuhi moja ya ukungu, mtu alipiga hodi. Alikuwa mgeni, sanduku la bati kichwani. Akapiga hodi tena, akakohoa. Nilimtazama mama mkwe, akatikisa kichwa. Tukaendelea kukoroga. Mgeni alisimama kidogo, akasonya, akaenda zake.

Jioni jirani yetu alikuja kusikia habari.

"Mgeni wenu yuko wapi? Ametoka mkongeni, alikuwa na mwanao huko. Aliniuliza nyumba ya kondoo wenye utosi mwekundu. Ana ujumbe."

Nilikimbia hadi barabarani. Lori la Songea lilikuwa limeshaondoka, na mgeni wetu ndani yake. Sikupata kujua kama mume wangu alikuwa mzima, mgonjwa, au ameoa huko. Nilimchukia mama mkwe siku nyingi, kisha nikamhurumia, maana aliyepotea alikuwa mwanawe.

Alipoinjika tena chungu cha rangi, alianza kuongea kabla maji hayajapata moto. Aliongea habari za mwanawe alipokuwa mdogo, jinsi alivyokuwa akilala katikati ya kondoo kwa baridi. Watu waliopita mbali aliwasalimu kwa kelele: "Kamwene! Kamwene!" Wakageuka kwa mshangao. Aliongea mpaka sauti ikamkauka, nami nikamwitikia kila neno.

Tukaitoa milulu. Ilikuwa nyekundu ileile ya siku zote. Mama mkwe aliigeuzageuza mikononi, akaketi chini pale pale kwenye majivu.

"Mwanangu," akaniambia, "haijafifia."