Filta ya Safari ya Bisil

Mama mkwe wangu haoni tena. Anatofautisha mchana na usiku, na kivuli cha ng'ombe na kivuli cha mtu, lakini sura zimemwacha. Watoto wake anawajua kwa sauti. Mmoja wao akisimama mlangoni na kumwita, anainamisha kichwa kidogo kama mtu anayeonja chai, kisha anasema huyo ni wa kwanza, au ni wa nne. Ninavyojua, amekosea mara moja tu, na kosa hilo lilikuwa la gari langu.

Siku hiyo tulitoka Kitengela asubuhi, mke wangu na mimi, kwenda kwao ng'ambo ya Bisil. Mpaka Bisil ni lami na huwezi kulalamika. Baada ya hapo unaiacha barabara ya Namanga na kuingia njia ya udongo, na wakati wa kiangazi udongo ule ni laini kama unga wa ngano. Tulifunga madirisha yote. Vumbi halikujali madirisha. Lilipitia matundu ya dashibodi, yale yanayoleta hewa, likatujia usoni. Mke wangu ana kifua. Tulipofika sauti yake ilikuwa imekwisha, na iliyobaki ilikuwa nzito yenye mikwaruzo, kama ya mzee aliyeshinda barazani akitetea mpaka wa shamba.

Alisimama mlangoni akaita, "Yeyo," yaani mama.

Mamake akatega sikio kwa muda. Kisha akamjibu kwa heshima kubwa, "Supa," salamu ambayo wazee wetu wa Kimaasai huwapa wanaume, akageuka akawaambia waliokuwa jikoni, "Kuna mgeni mwanamume hapa. Mwekeeni kiti nje kwenye kivuli, apewe chai."

Tulicheka wote. Mke wangu alicheka kuliko sisi sote, na chai ile akainywa nje kweli. Lakini wakati wa kurudi, tulipofika Kajiado mjini, nilimwona akitazama dirishani na kupangusa macho, na pale ni lami, hakuna vumbi.

"Sirudi tena," aliniambia, "mpaka nifike na sauti yangu."

Kiangazi kikaendelea, naye hakurudi. Nilimwambia apige simu. Alipiga, lakini mamake husema sauti iliyo ndani ya simu ni ya simu. Halafu tukapata habari kupitia kwa shemeji yangu kwamba mama anauliza amemkosea nini mtoto wake. Umri wake ni mkubwa. Kila mmoja wetu alikuwa akifikiria jambo moja na hakuna aliyelisema.

Niliomba mvua. Mungu alikuwa na ratiba yake. Nikiwa bado naomba, mwanamume mmoja katika ushirika wetu wa Alhamisi alitaja, baada ya sala, kwamba magari ya siku hizi yana filta ya kuchuja hewa wanayovuta abiria. Nimeendesha gari langu tangu kitinda mimba wetu akinyonya, na sasa ana ndevu. Nilijua filta ya injini na filta ya oili. Ya mapafu sikuwahi kuisikia.

Nikaenda kwa mama mmoja anayeuza spea pale Kitengela. Alitoka nje, akalitazama gari, akalizunguka kama mtu aliyekuja kutoa pole.

"Hii haikuji na filta, mzee. Ni ya zamani. Lakini Mjapani aliacha nafasi yake, akaifunga tu na plastiki. Toa hii droo ya mbele ya abiria, utaona. Kata hiyo plastiki, usukume filta ndani. Huu mshale uangalie chini kwa feni."

"Kama hakuweka filta, nafasi aliacha ya nini?"

"Hiyo sasa muulize yeye."

Mimi huhubiri kanisani kwetu, nami niliona hapo mahubiri mazuri kabisa, juu ya nafasi tulizoumbwa nazo na plastiki tulizozifunga nazo, nikayaweka akiba. Filta yenyewe ilikuwa nyeupe, yenye marinda kama sketi ya mwanakwaya.

Nilitaka kwenda gereji, lakini jirani yangu alinikataza. Huyu ni rika langu, alihamia Kitengela kutoka Kimuka, na mimi na yeye tunaitana Pakine. Kwa desturi yetu mtu akikupa mbuzi, mnaacha majina na kuitana kwa mbuzi huyo. Yeye alinipa mbuzi nilipokuwa najenga. Mbuzi aliliwa zamani, jina likabaki.

"Fundi wa nini, Pakine?" alisema. "Nimechinja arusi zote za hapa. Gari ni kama mbuzi. Haivunjwi, inafunguliwa kwa viungo."

Akavua koti, akachomoa sime yake. Lazima nikiri ile droo alitoa vizuri sana, akipapasa mahali inaposhikana na kuachilia, bila kuvunja kitu. Tatizo lilikuwa skrubu. Upepo wa kwetu unajulikana, na kitu kidogo kikianguka kwenye udongo wa Kitengela kimerudi kwa Muumba wake. Pakine akatoa kopo lake la ugoro mfukoni, akazitia skrubu humo.

"Mwaga ugoro wako kwanza," nikamwambia.

"Umeisha. Imebaki tu harufu."

Ugoro huo nimemhubiria auache tangu tukiwa na meno yote. Hunijibu kwamba anautumia kwa ajili ya mahubiri yangu, ili asilale.

Nikalala chali, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango. Mtu wa umri wangu akilala hivyo habari husambaa. Mama mmoja wa kanisani kwetu alikuwa anapita na kikapu chake, akaona miguu.

"Yesu wangu! Mzee ametuacha!"

Nikasikia kikapu kikitua chini, na magoti pia. Akaanza kuniombea kwa sauti, akisimulia wema wangu, na mengine nilikuwa sijui. Sikutaka kumkatiza. Alipofika mwisho nikasema "Amina" kutoka chini ya dashibodi, akapiga ukemi uliotoa kuku kwenye ua.

"Mama, mzee yuko sawa," Pakine akamwambia. "Uombee filta."

"Filta ni nani?"

Ilichukua muda kumweleza. Alipokwenda zake, nilikata ile plastiki kwa ncha ya sime, na nafasi ikafunguka kama alivyosema mama wa spea. Chini yake niliiona feni, imekaa shimoni mwake, safi. Kulikuwa na kishikio kimoja kilicholegea ambacho kilihitaji skrubu kabla ya filta kuingia.

"Nipe skrubu moja, ile fupi."

Pakine alipapasa ndani ya kopo kwa kidole, hakuipata. Basi akaliinamisha kopo juu ya uso wangu, juu ya lile shimo, akalipigapiga matako. Skrubu ikatoka. Nyuma yake ikatoka ile aliyoiita harufu. Ilikuwa kama konzi nzima.

Nilipiga chafya mpaka nikagonga paji la uso kwenye chuma. Pakine alinitakia baraka kila mara, bila kucheka sana. Nilipopangusa macho nikatazama, sikuona ugoro popote, nikadhani wote umeishia puani mwangu. Tukafunga kishikio, tukasukuma filta ndani, mshale chini, marinda yakakaa sawasawa. Droo ikarudi mahali pake.

Mtu mwingine hapo angewasha gari na kujaribu feni. Sisi ni watu wa ibada. Tulivua kofia, tukasimama mbele ya gari, na Pakine akaomba. Aliwaombea walioitengeneza, waliopakia meli, waliopakua Mombasa, mwenye lori, na mama wa spea pamoja na wateja wake. Aliwaombea hata wale wasio na filta. Aliposema Amina chai ilikuwa tayari, na chai ya maziwa haingoji mtu. Tukaenda kunywa, tukiwa na amani kabisa. Gari hatukuliwasha.

Mke wangu alipoonyeshwa kazi yetu aliinama, akatazama, hakuona kitu.

"Iko wapi?"

"Ndani."

"Na mnajua inafanya kazi?"

"Tumeiombea."

Akaenda kutafuta leso yake ya safari. Nilijua hakuamini filta. Alikuwa amechoka kukaa mbali na mamake.

Jumamosi tukaondoka. Kwenye lami tulifungua madirisha, naye alikunywa maji moto yenye asali kutoka kwa chupa na kuimba taratibu tenzi za kanisani, akiitunza sauti kama mtu anayebeba mayai. Isinya ikapita, Kajiado ikapita. Bisil ilikuwa siku ya soko, ng'ombe wamejaa barabarani, tukanunua sukari na majani ya chai. Kisha tukaiacha lami.

"Funga dirisha lako," nikamwambia. "Sasa utaona."

Lori lilikuwa limetutangulia na nyuma yake vumbi lilisimama kama ukuta. Nikaigeuza swichi ya feni mpaka mwisho.

Kilichotoka kwenye matundu kilikuwa cha rangi ya kahawia, nacho kilitoka kwa nguvu zote za Mjapani. Ugoro ule haukuwa umeingia puani mwangu wote. Ulikuwa umelala juu ya feni, chini ya filta, ukingoja kuitwa. Filta ilizuia kila kitu kilichotoka nje. Adui alikuwa ameshaingia kabla hatujafunga mlango.

Mke wangu alipiga chafya kwanza. Nikafuata. Tukapiga pamoja, tukapokezana, gari likaenda kushoto na kulia, mbuzi wakatawanyika. Mchungaji wao, mzee kama mimi, aliegemea fimbo yake akatutazama bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuona mengi. Nikasimamisha gari, tukafungua milango, tukakimbilia lile vumbi la nje, na siku hiyo lilikuwa rehema.

"Mzee! Umeniwekea nini kwa gari?"

"Filta."

"Filta inanuka ugoro?"

"Ni wa Pakine. Ulianguka kidogo."

"Miaka yote unamhubiria aache," akasema, "na sasa umemnunulia feni!"

Niliacha milango wazi, nikawasha feni mpaka ikamaliza kila ilichonacho, tukapangusa viti kwa leso yake ya safari, jambo ambalo nalo lilikuja kutajwa. Tukaingia, tukafunga madirisha, nikawasha tena, nimekunja uso. Ikaja hewa tupu. Nje huwezi kuona mti, ndani unaweza kuhesabu nyuzi za shuka langu.

Yeye hakuwa na nafasi ya kuona hayo. Alikuwa anaongea. Alianza na ugoro, akaenda kwa Pakine, akarudi kwangu, akapitia tangi la maji nililofunga likavuja, na dari ya jikoni. Mimi nilikuwa nasema "ndiyo, mama," kwa mpangilio mzuri, kama nilivyozoea, na tulikuwa tumekwenda mbali kabla sijaacha kusikiliza maneno nikaisikiliza sauti. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ilikuwa sauti ya yule msichana aliyekuwa akiwaita ndama jioni nasi tukamsikia kutoka boma la pili.

"Asante Yesu," nikasema.

"Unamshukuru Yesu kwa ugoro?"

Nikaogopa kumweleza, asije akaanza kuitunza tena na kuiharibu. Na safari ilikuwa bado. Basi alipoonekana kupoa nikasema, "Halafu nilisahau kukuambia, ile plastiki tuliikata kwa sime."

"Kwa sime? Ile ya kuchinjia?"

Hiyo ilitutosha mpaka bomani.

Nilizima gari. Alishuka akiwa bado yuko kwa sime, na rafiki zangu, na wanaume kwa jumla, mkono mmoja umeshika sukari. Hakuwa amefika hata mlangoni. Kutoka ndani ya nyumba mamake akapaza sauti kwa Kimaa:

"Huyo ni wangu wa tatu! Mume wake amefanya nini?"

Mke wangu alikatiza neno katikati. Akaniachia sukari, akakimbia. Ana wajukuu wanaosoma chuo, na alikimbia.

Mimi siingii nyumba ya mama mkwe, hiyo ni heshima yetu. Niliwekewa kigoda kwenye kivuli, nikaletewa chai, na ukuta ule si mnene.

"Nilidhani umenikasirikia," nikamsikia mama akisema.

"Ni vumbi, Yeyo. Vumbi tu."

Nikainamisha kichwa, nikashukuru kwa maneno machache. Kisha nikamsikia yule mama mzee akicheka.

"Haya, sasa mgombeze tena," akamwambia binti yake. "Kutoka mwanzo. Nilisikia mwisho tu."

Akaanza kutoka mwanzo. Nikashika kikombe changu, nikayasikiliza makosa yangu mara ya pili, na safari hii nilisikiliza kila neno.