Milimita Tisa za Paja la Winchi

Winchi, jina tulilompa kwa kuinua mizigo, alinibebea magunia ya mahindi ninayouza miaka thelathini na moja, na sikumbuki siku hata moja aliyokubali bei yangu ya kwanza. Alikuwa hamali wa soko la nafaka, mfupi, shingo imezama mabegani. Kijana akija kuomba kazi na kifua chake kipana, Winchi alimtwika gunia, akamchuchumalisha, kisha akaendelea na chai yake. Mapaja yakianza kutetemeka alimwambia akatafute kazi ya ukarani.

Akiwa na miaka sabini na minne homa ya mapafu ikamlaza wodini. Daktari alimwambia binti yake kwamba mzee apumzike. Binti akawaambia mahamali, na kwa mahamali neno hilo lina maana moja tu. Wakapanga zamu, wawili asubuhi, wawili jioni. Wakambeba msalani, wakambeba bafuni, wakambeba hadi dirishani aote jua. Aliyeweza kumbeba peke yake alitamba sokoni siku nzima. Siku ya kwanza mzee alifoka. Siku ya tatu alikuwa anawakosoa wanavyoinua, nasi tukacheka. Mimi nilipeleka mto wa kuegemea.

Wiki mbili zikapita, kifua kikapona. Miguu nayo ilikuwa imejaa, binti akafurahi kwamba baba amenenepa. Hata mimi niliona hivyo.

Ndipo akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mwenye miwani, na mashine ya altrasaundi inayoingia mfukoni. Kifaa chenyewe kama mashine ya kunyolea, waya wake umeunganishwa kwenye simu. Alikuwa amempima mzee siku aliyolazwa, na sasa alirudia palepale alipotia alama ya kalamu pajani. Akapaka jeli, akatuonyesha kwenye simu: mstari mweupe ule ni mfupa, na kutoka pale kwenda juu ndio msuli. Siku ya kwanza ulikuwa milimita ishirini na tisa. Sasa ishirini. Akabonyeza mguu kwa kidole, pakabaki shimo. Unene tulioufurahia ulikuwa maji.

Nikabishana, maana ndiyo kazi inayonilisha. Nikasema labda amekandamiza, labda amekosea mahali. Hakukasirika, akapima tena mimi nikiangalia. Ishirini. Mguu wa pili, kumi na tisa.

"Nani humpeleka msalani?" akauliza.

Mahamali wote wakainua mikono, kwa fahari.

Akatueleza taratibu kwamba mguu wa mtu mzima usipokanyaga chini siku chache tu, msuli unaliwa. Mzee alitakiwa ashikwe mkono, atembee mwenyewe. Maagizo hayo yalikuwa ndani ya faili. Hakuna aliyetusomea, na hakuna kati yetu aliyeuliza. Mikono ikashuka mmoja mmoja.

Winchi alikuwa bado anaitazama ile simu. Alikuwa akiishi peke yake ghorofa ya tatu, na alishamkatalia binti yake mara nne kuhamia kwake.

"Binti yangu," akamwambia yule dada, "hiyo misuli iliyobaki inapanda ngazi?"

"Tuanze na kusimama, mzee."

Walianza siku hiyohiyo. Binti alileta mayai na maziwa, mahamali wakakatazwa kumgusa, wakawa wanasimama ukutani mikono nyuma kama watoto waliovunja chombo. Baada ya siku kumi kipimo kikasoma ishirini na moja. Nikaing'ang'ania milimita ile. Yule dada akasema huenda ni mkono wake tu umetofautiana.

Siku ya kuruhusiwa alikaa ukingoni mwa kitanda, nyayo sakafuni. Akainuka nusu. Mapaja yakatetemeka, vijana wakaangalia pembeni. Akakaa. Akajaribu tena, akakaa. Mara ya tatu hakujaribu. Aliwaita wawili kwa vidole, akawapa mikono yake.

"Nipelekeni kwa mwanangu," akasema.

Wiki ile binti alinipa ufunguo wa chumba cha mzee cha ghorofa ya tatu nikatoe vitu: kitanda, jiko, redio, viatu jozi mbili. Viatu nilivipeleka kwa mzee. Akaniambia niwape vijana, nitafute anayevaa namba saba.