Uji wa Kunenepesha Bwana Harusi

Wasomaji, msinicheke mapema. Koti langu la harusi lilinining'inia kama limeanikwa kambani, nikaapa kunenepa kwa chakula, si kwa vidonge. Basi muuguzi akatangaza kanisani, hapa mjini Baraka: waliokonda waje na kikombe, wajifunze uji wa soya, mahindi na karanga.

Mimi, mwenye diploma ya masomo ya jioni, nilifika wa kwanza. Nikakaa kati ya bamama na watoto wao, nikaimba nao, nikamaliza nusu ya sufuria.

Muuguzi akaja na utepe wa kupima mikono ya watoto waliokonda. "Papa, mutoto yako iko wapi?"

Nyuma yangu mama wa mchumba wangu akacheka: "Mutoto ni uyu! Anataka kuoa binti yangu. Mupime tu!"

Nikanyoosha mkono, kijiko bado mdomoni.